Mgeni Njoo, Mtaa Upone

Mgeni anayelipa hulipima bafu kabla hajakipima kitanda. Ameshuka kwenye boti itokayo Dar es Salaam, shati limemganda mgongoni, ameburuza begi lake kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe visivyopitika kwa gari, na akifika anachokitaka kwanza ni maji. Akifungua bomba yakatoka kwa nguvu, yakawa safi, yakateremka bila kutuama miguuni, na pua yake isikutane na harufu ya shimo, moyo wake hutua. Nakshi za mlango, boriti za darini na kitanda cha samadari atavitazama baadaye, akishaoga. Kwa hiyo mwenye nyumba akiuliza afanye nini ili nyumba anayowapangisha wageni imwingizie zaidi, jibu atakalopewa mjini Unguja ni moja: tengeneza bafu.

Ushauri huo ni sahihi, nami nauunga mkono. Nimeuona ukifuatwa vizuri na nimeuona ukifuatwa vibaya, katika nyumba za jamaa na za majirani, na tofauti ya matokeo ndiyo iliyonikalisha chini kuandika. Chumba cha kulala ukikipamba au ukikiharibu, umekipamba au umekiharibu peke yako. Bafu haliko hivyo. Bafu hunywa maji ya ardhi ambayo hayana hatimiliki, huegemea ukuta ambao upande wa pili ni chumba cha mtu mwingine, na hutoa uchafu wake katika mtaro unaopita mlangoni kwa watu wasiopata hata shilingi moja ya kodi ya mgeni yule. Wahenga wametuachia usemi: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mji ambao kuta zake zinagusana, mwenyeji hawezi kuwa mtu mmoja. Mgeni akija, mtaa ndio unaompokea, na bafu ndilo linaloonyesha kama mtaa huo utapona au utaugua kwa ajili yake.

Watu wa pwani hii si wageni wa bafu. Katika magofu ya Gedi, karibu na Malindi ya Kenya, nyumba za mawe zilikuwa na vyoo vyake ndani na visima vyake karibu. Kilwa, katika jumba la Husuni Kubwa lililojengwa karne ya 14, bado lipo birika la kuogea lenye pembe nane, limechimbwa mahali ambapo aogaye anaitazama bahari. Lamu, katika nyumba za mawe za mtaa wa Mkomani, msala, yaani chumba cha kuogea na choo, ulikuwa na birika la maji pembeni, na ndani ya birika waliishi samaki wadogo kazi yao kula viluwiluwi vya mbu. Chini kabisa palipachikwa bakuli la kaure, ili hata maji yakipungua samaki wabaki na pa kukaa. Aliyetaka kuoga alichota kwa kata ya kifuu cha nazi. Hakuna tone lililoanguka bila mkono wa mtu kuliamuru.

Hapa Unguja, Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, aliujengea mji hamamu ya umma kwa mtindo wa Kiajemi, na mtaa ule mpaka leo unaitwa Hamamni. Ni Barghash huyohuyo aliyeyavuta maji ya chemchemi kwa mabomba mpaka mjini. Mambo hayo mawili yalikwenda pamoja, na hekima iko hapo: hamamu haina maana bila chemchemi. Karibu na mwaka 1920 hamamu iliacha kufanya kazi. Siku hizi wageni hulipa kiingilio waione kavu, kisha hurudi nyumba walizopanga wakaoge maji ambayo wengi wao hawajui yanatoka wapi.

Yanatoka chini ya miguu yetu. Kisiwa cha Unguja ni mwamba wa chokaa uliojaa matundu na nyufa. Maji ya mvua huingia humo na kukaa juu ya maji ya bahari, kwa sababu maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi. Ukivuta kwa kiasi, mvua ya masika inarudisha ulichochukua. Ukivuta kupita kiasi, maji ya bahari yanapanda kujaza pengo, na kisima kilichokuwa kitamu kinageuka kuwa na chumvi. Watu wa vijiji vya pwani ya mashariki hawahitaji kufundishwa jambo hili, kwa kuwa wameyaonja maji yenyewe. Na kwa nyufa zilezile zinazopitisha mvua, hupita pia uchafu wa chooni. Shimo lililochimbwa katika mwamba bila kujengewa halichuji kitu. Linakabidhi uchafu kwa kisima cha jirani.

Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti wa Stefan Gössling kuhusu maji na utalii katika pwani ya mashariki ya Unguja. Alikuta mgeni mmoja, kwa wastani, anatumia lita 685 kwa siku, na mwenyeji lita 48. Katika hoteli kubwa wastani ulikuwa lita 931, na bustani zilikunywa sehemu kubwa ya maji hayo. Katika nyumba ndogo za wageni ulikuwa lita 248, nayo mengi yalitumika kuoga na chooni. Takwimu hizo zina umri wa zaidi ya miaka ishirini, na tangu wakati huo wageni wameongezeka mno: mwaka 2023 pekee Zanzibar ilipokea zaidi ya 600,000. Ninazirudia kwa sababu ya jambo moja linalotuhusu sisi wenye nyumba ndogo. Hatuna viwanja vya gofu wala mabwawa ya kuogelea. Maji yetu yanaondokea bafuni, na bafuni ndipo tulipo na uwezo wa kuyazuia.

Hesabu yake haihitaji mtaalamu. Bomba la mvua linalotoa lita 12 kwa dakika, mgeni akikaa chini yake dakika 10, limekwisha kumwaga lita 120, yaani ndoo sita za lita 20. Kichwa cha bomba kilichotengenezwa kuchanganya maji na hewa hutoa lita 7 kwa dakika, na mwili hauoni tofauti. Dakika zilezile 10 zinakula lita 70. Wageni wawili wanaooga asubuhi na jioni, kama inavyowalazimu katika joto letu, wataokoa lita 200 kila siku ipitayo. Choo cha zamani humwaga lita 9 kila kinapovutwa. Choo kipya chenye vitufe viwili humwaga lita 6 au lita 3, kulingana na haja. Vitu hivi vinauzwa madukani Darajani na Mwanakwerekwe, na bei yake mara nyingi ni ndogo kuliko ya kioo cha kuning'iniza juu ya sinki. Ajabu ni kwamba mwenye nyumba hukumbuka kioo kwanza.

Sasa tuuangalie ukuta. Nyumba za Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba. Ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, upana wake hauzidi sana mita tatu. Ukuta wa namna hii hunywa unyevu na kuutoa, mwaka baada ya mwaka, bila kudhurika, mradi pasiwe na kitu cha kuufungia ndani. Waliojenga waliweka msala pembeni mwa nyumba, mara nyingi upande wa uani, msala wa juu ukikaa juu ya msala wa chini, ili maji yakivuja yavuje mahali palipozoea maji.

Mpangilio huo ulivurugika kwa hatua mbili. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, familia kadhaa zikaingizwa katika nyumba iliyojengewa familia moja, na kila familia ikajitafutia pa kuogea. Kisha, biashara ya utalii ilipofunguliwa kuanzia miaka ya 1980, kila chumba kikatakiwa kiwe na bafu lake. Mgeni wa leo hakubali kutoka ukumbini na taulo begani. Basi bafu likapandishwa ghorofa ya pili, katikati ya sakafu, juu ya boriti ambazo hazikukusudiwa kulowa. Kuta zikapigwa lipu ya saruji, kwa imani kwamba saruji ni imara kuliko chokaa. Lakini saruji hairuhusu ukuta utoe unyevu wake. Maji hubaki ndani, chumvi huchanua, lipu hupasuka na kudondoka, na ncha za boriti zilizoingia ukutani huoza mahali ambapo jicho halifiki. Siku sakafu inapoinama, mgeni ameshaondoka zamani, na aliye chini yake ni mtu wa nyumba.

Haya nilijifunza kwa kukaa na mwashi mzee aliyetengeneza bafu katika nyumba ya shangazi yangu, mtaa wa Mkunazini. Shangazi alikuwa ameshanunua vigae, vizuri kweli, vya rangi ya bahari ya asubuhi, na kila siku alishuka kuuliza.

“Fundi, vigae vimekaa ukumbini wiki nzima. Tunaanza lini kuvibandika?”

“Vigae ni nguo, mwanangu,” alijibu. “Tuutibu mwili kwanza, kisha tutauvisha.”

Akauvua ukuta lipu yote ya saruji mpaka kwenye mawe. Akazikagua boriti moja moja kwa kuzidunga msumari, zilizokubali msumari akazitoa. Alipotandika sakafu mpya aliipa mteremko, kiasi cha sentimita mbili kwa kila mita, kuelekea kwenye tundu. Akapaka dawa ya kuzuia maji tabaka juu ya tabaka, akaipandisha na ukutani kupita kimo cha bega, na kwenye pembe, ambako sakafu inakutana na ukuta, akalaza kitambaa cha nyuzi ndani ya dawa kwa sababu pembe ndizo zinazoachia kwanza. Dawa ilipokauka alifanya jambo ambalo sijaliona kwa mafundi wengi: akaliziba tundu, akajaza maji sakafuni kimo cha vidole viwili, akapiga mstari wa penseli ukutani mahali maji yalipoishia, akamwambia shangazi bafu lisiguswe mpaka kesho yake wakati kama ule. Kesho yake hakuanza kwa kwenda bafuni. Alikwenda chumba cha chini, akapanda ngazi, akapitisha kiganja chake juu ya kila boriti. Zilikuwa kavu. Ndipo akapanda juu kuutazama mstari wake, na ndipo vigae vilipofunguliwa kwenye maboksi.

Aliuliza pia kibla kilipo kabla ya kukifunga choo, ingawa nyumba ni ya wageni ambao wengi si Waislamu. Kwetu kibla kipo kaskazini, na choo hakielekezwi huko wala hakipewi mgongo. Mgeni hatajua. Lakini nyumba itadumu kuliko mgeni, na siku moja itarudi kukaliwa na watoto wa shangazi.

Ipo na kazi nyingine isiyoonekana, nayo ni ya hewa na harufu. Kila bomba linalotoa maji machafu linahitaji kiwiko kinachobakisha maji kidogo ndani yake, na maji yale ndiyo mlango unaoizuia harufu ya shimo isipande. Nyumba ikikaa miezi bila wageni, kama inavyotokea msimu wa masika, maji ya kiwiko hukauka na harufu hupanda. Dawa yake ni kopo moja la maji kumiminwa kila wiki katika kila tundu. Bomba la hewa nalo lazima lipande mpaka juu ya paa. Likikatizwa chini ya dirisha la jirani, umemhamishia uchafu wako. Na dirisha, hata likiwa dogo, ni bora kuliko feni, kwa sababu dirisha halisubiri umeme.

Kuhusu umeme, Unguja ina kumbukumbu ambayo haifai kusahauliwa na yeyote anayejenga bafu. Umeme wetu unatoka Tanzania Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Mwaka 2008 ulikatika karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ulikatika tena, na haukurudi mpaka Machi 2010. Pampu zilisimama, na zilipopata kufanya kazi zilifanya kwa jenereta, saa chache kwa siku. Wageni waliokuwa wamelipia bomba la mvua lenye maji moto walijikuta na ndoo na kopo, sawa na sisi sote. Nyumba zilizokuwa na kisima uani, tangi juu ya paa na birika la akiba ziliendelea kupokea watu. Nyingine zilifunga milango. Sasa waya mwingine mkubwa umelazwa, na hali ni nafuu, lakini umeme unaokatika saa tatu usiku bado tunaujua. Bafu linalostahili kuitwa bora lazima liweze kumwogesha mtu gizani.

Tangi la juu ya paa, kwa hiyo, si anasa. Lakini lita 1,000 za maji ni tani moja. Haliwekwi katikati ya chumba juu ya boriti kwa sababu tu hapo ndipo lisipoonekana barabarani. Linawekwa pale kuta nene zinapokutana. Na kabla ya kulipandisha, kabla ya kufungua tundu lolote ukutani, kuna Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, ambayo kibali chake kinahitajika. Wapo wanaoliona sharti hilo kama usumbufu wa kukwepwa kwa kufanya kazi usiku. Mimi nalitazama kwa jicho la jirani: mtu anapotoboa ukuta tunaoshirikiana, nataka awepo mwenye mamlaka aliyeuangalia kabla.

Tuje kwenye pesa, maana ndiyo iliyotuleta. Tuseme chumba kinalipiwa shilingi 100,000 kwa siku, nacho hupata wageni siku 120 kwa mwaka. Bafu jipya limegharimu shilingi 8,000,000, na kwa sababu yake bei imepandishwa mpaka 120,000. Nyongeza ni shilingi 2,400,000 kwa mwaka, na mtaji utarudi baada ya miaka mitatu na miezi minne. Ni biashara nzuri. Sasa tuseme fundi aliharakishwa aanze na vigae. Mwaka wa pili maji yamepenya, chumba cha chini kimefungwa siku 30 za msimu kwa matengenezo. Zimepotea shilingi 3,000,000 za kodi, zaidi ya nyongeza yote ya mwaka, na bado fundi wa boriti hajalipwa. Kazi ile iliyojificha chini ya vigae ndiyo inayoilinda faida yote iliyo juu yake.

Hesabu hiyo ina upande wa pili. Badala ya kupandisha bei, mwenye nyumba anaweza kuiacha palepale 100,000 akapata siku 24 zaidi kwa mwaka. Ni shilingi 2,400,000 zilezile. Bei hupandishwa na fahari: marumaru, bomba la rangi ya dhahabu, beseni lililochongwa kwa jiwe. Siku huongezwa na sifa, na sifa ya bafu hujengwa na mambo manne ya kawaida kabisa: maji yapo saa zote, sakafu haitelezi, hakuna harufu, mlango unajifunga. Mgeni aliyeyapata hayo manne huandika maneno mazuri na huwaambia rafiki zake. Kati ya njia hizi mbili naichagua ya pili bila kusita, kwa kuwa fahari huchakaa haraka sana katika hewa ya chumvi, na bomba la rangi ya dhahabu likishapata madoa ya kijani humtangazia mgeni kuwa nyumba imezeeka.

Kuna na mtu ambaye hesabu za bafu humsahau kabisa: anayelisafisha. Mara nyingi ni mwanamke anayetoka ng'ambo ya mji, anayeamka alfajiri na mapema kuwahi zamu ya maji kwake, ajaze madumu kabla hayajakatika, kisha apande daladala aje kusugua bafu ambalo maji yake hayakatiki. Anapoinama kumwaga ndoo juu ya vigae ndiye anayejua, kuliko mchoraji wa ramani, kona ipi haifikiki kwa brashi na rafu ipi inatunza ukungu. Aulizwe kabla ya kazi kuanza. Shangazi alimwuliza wake, naye akasema mambo mawili: ukingo wa kutenga sehemu ya kuogea na sehemu ya choo, ili mgeni asilowe miguu usiku na yeye asikaushe sakafu nzima mara tatu kwa siku, na ndoano ya kutundikia nguo mbali na maji. Vyote viwili havikufika gharama ya boksi moja la vigae, na ndivyo wageni wanavyovisifia mpaka leo. Kama bafu limeongeza kipato cha nyumba, ujira wake nao uongezeke. Hilo ni deni, tusiliite hisani.

Nimalizie hoja zangu kwa stara, kwa sababu bafu kwetu ni mahali pa stara kabla ya kuwa mahali pa biashara. Katika miaka hii umeingia mtindo wa bafu la juu ya paa, lisilo na dari, ambamo mgeni anaoga akitazama minara na bahari. Uzuri wake naukubali. Lakini paa moja katika Mji Mkongwe huona nyua tano, na katika nyua zile wamo wanawake wanaofua na kuanika wakiwa wamejiachia kwao. Aogaye akiona, na yeye anaonekana. Waliojenga mji huu walipanga madirisha na kuta za paa kwa kimo ambacho kilimruhusu mtu apate upepo bila kumwona jirani asipopaswa. Bafu la kisasa linaweza kuifuata desturi hiyo bila kupoteza senti: ukuta upande kupita kimo cha mtu, na anayeoga azitazame nyota. Vivyo hivyo kwa maji yanayotoka. Mifereji ya mji huu ni ya zamani, na uchafu wake mwingi huishia baharini, mbele ya ufukwe uleule tunaowaonyesha wageni. Kila lita tusiyoimwaga ni lita ambayo bahari haikupokea.

Basi wewe unayejiandaa kuita fundi, nakusihi ufanye mambo haya kwa mpangilio huu. Mfuate jirani mnayeshirikiana ukuta, umweleze unachotaka kufanya, umsikilize. Lifungue shimo lako ujue linaishia wapi. Pata kibali. Tafuta mwashi anayeijua chokaa, na umpe muda. Jaza sakafu maji siku nzima kabla hujabandika kigae kimoja. Funga bomba la maji machache na choo cha maji machache, na umweleze mgeni sababu yake kwa maneno ya heshima, maana wengi wao wakielezwa huelewa. Mlipe vizuri anayesafisha. Pesa itakayobaki itumie kwenye vigae upendavyo, na kodi utakayoipata baada ya hapo itakuwa halali yako, isiyo na maji ya mtu ndani yake. Nyumba ikienda hivyo, majirani ndio watakaokuwa wa kwanza kukuombea wageni zaidi.